Nimesafisha mkanda wa kwanza nyumbani, umetoka tupu kama kioo. Nimekosea wapi wakuu?

Kobe wa Picha (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Siku zote nasoma tu pembeni bila kuchangia, ila leo yamenifika shingoni.

Jana usiku nimesafisha mkanda wangu wa kwanza wa nyeusi na nyeupe. Ni HP5 Plus ya milimita 35, picha 36. Dawa ni ID-11, nimeizimua nusu kwa nusu na maji, nyuzi 20, dakika 13 kama jedwali la watengenezaji linavyosema. Kila dakika ikianza napindua tangi mara nne, naligonga mezani kutoa mapovu, naliacha. Nikamwaga, nikasuuza, nikaweka fiksa (dawa ya kukaza picha isibadilike tena) dakika tano, nikaosha. Yote kwa saa, tena nimeandika kwenye daftari.

Nafungua tangi, navuta mkanda: hamna kitu. Si mweusi, hauna ukungu, ni plastiki inayoonyesha upande wa pili. Miezi miwili ya kutembea na kamera begani imeishia hapo.

Mimi nahisi kamera haikuwa inavuta filamu. Mnasemaje? Nimpelekee fundi?

Fundi Gizani

Pole sana kijana. Kamera iache kwanza. Chukua huo mkanda uuelekeze dirishani, uangalie kandokando, pale kwenye matundu. Unaona jina la filamu na namba za picha? Jibu hilo tu, mengine baadaye.

Kobe wa Picha

Mzee shikamoo. Nimeangalia mara tatu, hadi nimegeuza lenzi ya kamera nikaitumia kama kioo cha kukuzia. Hakuna jina, hakuna namba.

Fundi Gizani

Marahaba. Basi kamera haina hatia.

Zile namba hazipigwi na kamera yako. Zimepigwa kwa mwanga kiwandani, zinasubiri dawa kama picha zako zinavyosubiri. Kamera ingekuwa haivuti, ungeona namba safi kabisa na katikati pametupu. Namba nazo zikikosekana, maana yake dawa ya kusafishia haikufanya kazi yoyote. Ama ilikuwa imekufa, ama fiksa imeitangulia.

Chupa zako zikoje?

Lenzi Chakavu

Hahaha nimeshajua jibu. Fiksa jina lake la zamani ni hypo, litamke sasa. Ukiitanguliza hiyo, picha kweli HAIPO.

Kobe wa Picha

Daah. Mkuu Lenzi umenichekesha huku naumia.

Chupa ni mbili, zote za kahawia, zinafanana, nilizinunua pamoja. Niliandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi nikabandika. Karatasi ya moja imelowa ikabanduka, nikairudisha. Sasa sina uhakika niliirudisha kwenye chupa yake.

Fundi Gizani

Ulipokata ncha ya mkanda kabla ya kupakia, kile kipande uliacha wapi? Nauzungumzia ule ulimi wa mwanzo, unaotoka nje ya kopo.

Kama unao, ukate vipande viwili. Fanya mchana, taa zikiwa zinawaka, hakuna cha kuficha maana umeshaona mwanga. Kipande kimoja tumbukiza kwenye chupa ya kwanza, cha pili kwenye chupa ya pili. Penye dawa ya kusafishia kitakuwa cheusi tii. Penye fiksa kitapauka, kitakuwa kama maziwa, kisha kitang'aa kama kioo. Rudi na majibu.

Kemia Mtaani

Nishereheshe kidogo wakati tunamsubiri.

Filamu imejaa chumvi za fedha. Zilizoguswa na mwanga, dawa inazigeuza kuwa fedha yenyewe, na ule weusi kwenye negativu ni fedha halisi. Fiksa kazi yake ni kuyeyusha chumvi zote zilizobaki ili filamu isiendelee kubadilika ikiona mwanga. Ila fiksa haiulizi ipi iliguswa na mwanga na ipi bado. Ikifika kwanza inabeba zote. Hata aliyoizimua nusu, kwa dakika 13, inamaliza kila kitu. Dawa ya kusafishia ilipokuja baadaye haikukuta wa kumfanyia kazi.

Habari ya thayosalfeti, kiini cha fiksa, kuyeyusha chumvi za fedha aliigundua John Herschel mwaka 1819, miaka 20 kabla upigaji picha haujatangazwa duniani. Dawa ilitangulia ugonjwa.

Kobe wa Picha

Nimerudi. Chupa iliyoandikwa DAWA: ulimi umepauka, sekunde 50 hivi ukawa kioo. Chupa iliyoandikwa FIKSA: dakika moja na nusu, mweusi kama makaa.

Nimejimaliza mwenyewe.

BintiShata

Pole kaka. Ila pua yako ilikuwa wapi? Fiksa nyingi zina harufu kali kama ya siki, ID-11 haina harufu ya maana.

Kobe wa Picha

Dada nilisikia hiyo harufu nikadhani ndiyo harufu ya taaluma.

Fundi Gizani

Wote tumepita humo. Sasa sikiliza.

Kwanza, zimwage zote mbili kwenye chombo kimoja cha taka, zimeshachafuliana. Fiksa isiende kwenye sinki, nitaeleza mbele. Chupa mpya ziwe za rangi au maumbo tofauti, uweze kuzitofautisha hata kwa kupapasa. Maandishi yawe kwenye chupa yenyewe kwa wino usiofutika, pamoja na tarehe ya kuchanganya.

Pili, kuanzia leo usisafishe mkanda wowote bila kutumia ule ulimi. Kipande kidogo ndani ya dawa, kikiwa cheusi dawa ni nzima. Kipande ndani ya fiksa, hesabu sekunde mpaka king'ae, zidisha mara mbili, huo ndio muda wa fiksa. Filamu za chembe bapa kama T-Max na Delta zidisha mara tatu. Haichukui dakika tano na ingekuokolea miezi miwili.

Tatu, mkanda wako tupu usiutupe. Ndio utakaojifunzia kupakia rili, lile gurudumu la kuviringia filamu ndani ya tangi.

Msomaji Kimya

Mzee Fundi, hapo kwenye rili tusaidie kwa kirefu. Mimi nimeshapoteza mikanda miwili kwa kugombana na rili ndani ya mfuko wa giza. Mikono inatoka jasho mpaka nasikia joto la mfuko usoni.

Fundi Gizani

Hilo jasho ndilo adui yako. Rili ya plastiki mlangoni ina vigololi viwili, kimoja kila upande, vinavyoshika matundu ya filamu ukipinda mkono mbele na nyuma. Rili ikiwa na unyevu hata kidogo filamu inanata. Mara nyingi inaanza vizuri, inakwenda, halafu kama imebaki theluthi moja inagoma. Hapo mtu anasukuma. Filamu inainuka mgongo, inatoka kwenye mfereji, na kila mkunjo utauona kwenye negativu kama mwezi mchanga.

Ninavyofanya: rili inakaa imekauka tangu jana yake. Ulimi naukata nje, mwangani, nikipunguza pembe mbili ziwe za mviringo kidogo, na nakata katikati ya tundu na tundu. Nikikata juu ya tundu, ile ncha inakwaruza njia nzima. Naingiza sentimita chache kwenye rili bado niko mwangani, hizo zimeshaungua tayari. Ndipo kila kitu kinaingia mfukoni: rili, kopo, tangi, mfuniko, mkasi. Ikigoma ndani, sisukumi. Narudisha nusu mzunguko, nagonga rili kidogo kwenye kiganja, naendelea. Ikigoma tena, naiweka filamu ndani ya tangi ikiwa vilevile, nafunga, natoa mikono, nakwenda kunawa na kukausha. Filamu ndani ya tangi lililofungwa haina haraka.

Fanya zoezi na mkanda mbovu, mara kumi ukitazama, mara kumi ukifumba macho, ndipo uingie mfukoni.

Lenzi Chakavu

Na ile bomba ya katikati! Naomba isisahaulike. Tangi za plastiki za aina ya Paterson, giza haliletwi na mfuniko peke yake, ile bomba nyeusi inayopita katikati ya rili ndiyo inayokamilisha kizuizi cha mwanga. Mimi nilipakia vizuri, nikafunga, nikajisifu, natoa mikono mfukoni naikuta bomba iko mezani inanitazama. Mkanda ulitoka mweusi mwanzo mpaka mwisho, na namba za pembeni zimemezwa.

Fundi Gizani

Umewapa somo la pili la kusoma kingo. Namba zipo, picha hazipo: kamera. Vyote havipo, filamu angavu: dawa. Vyote vimezama kwenye weusi: mwanga umeingia. Filamu ina wingu la maziwa: fiksa haijamaliza. Kabla hujagusa skana, soma kingo.

Msomaji Kimya

Nimechukua nondo. Swali jingine: maji yangu ya bomba yako nyuzi 26 hadi 27 muda wote. Hizo nyuzi 20 nazitoa wapi?

Kemia Mtaani

Kuna njia mbili. Ya kwanza, poza. Weka chupa za dawa kwenye beseni la maji, tumbukiza chupa ya plastiki yenye barafu, koroga, subiri. Usitie barafu ndani ya dawa, utaizimua. Beseni hilohilo tangi linakaa humo kati ya kupindua na kupindua.

Ya pili, kubali joto upunguze muda. Kwa makadirio, kila nyuzi moja juu ya 20 inakula karibu asilimia 10 ya muda. HP5 kwenye ID-11 nusu kwa nusu ni dakika 13 kwa nyuzi 20, kwa nyuzi 24 inakuja kama dakika 9. Inafanya kazi vizuri tu. Ukiwa unatumia dawa isiyozimuliwa, ambayo kwa nyuzi 20 ni dakika saba na nusu, basi kwa joto lako utashuka chini ya dakika tano, na hapo hatari ni madoa. Zile sekunde za kumimina na kumwaga zinakuwa sehemu kubwa mno ya muda wote, upande mmoja wa filamu unatangulia mwingine. Kwa hiyo kwenye joto, zimua zaidi. ID-11 moja kwa tatu, nyuzi 20, ni dakika 20, una pa kupunguzia.

Kinachoumiza zaidi kuliko joto lenyewe ni kuruka: dawa nyuzi 20, maji ya kuoshea 28. Vyote viwe jirani.

Msomaji Kimya

Na D-76? Ndiyo niliyo nayo.

Kemia Mtaani

D-76 na ID-11 ni ndugu wa tumbo moja, tumia jedwali lilelile. Ni fomula ya Kodak ya miaka ya 1920, na haina siri: kwa lita moja ni metoli gramu 2, sodiamu salfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2. Ukiamua kuichanganya mwenyewe, tia chembe tu za salfaiti kwanza, kisha metoli yote iyeyuke, ndipo umimine salfaiti iliyobaki. Ukitanguliza salfaiti yote, metoli inagoma kuyeyuka utakoroga mpaka kesho.

Na vaa glavu. Metoli inawasha ngozi za baadhi ya watu, na ikishaanza kukuwasha haikusahau. Vyombo vya dawa visirudi jikoni hata viwe vimeoshwa mara saba.

Lenzi Chakavu

Mimi na Rodinal yangu nawatazama tu. Imepewa hataza mwaka 1891, chupa iliyofunguliwa inageuka rangi ya chai ya rangi na bado inasafisha. Mililita chache, maji, kazi imekwisha.

BintiShata

Na chembe kubwa kama mchanga.

Lenzi Chakavu

Nazipenda hivyohivyo dada.

Msomaji Kimya

Nimesikia kahawa nayo inasafisha filamu. Ni utani?

Kemia Mtaani

Si utani. Ilianzia kwenye darasa moja la Rochester Institute of Technology, Marekani, mwaka 1995. Kahawa ya unga ya kuyeyuka ina asidi zinazofanya kazi ya dawa, ila peke yake haitoshi, inahitaji mazingira ya alkali. Kwa lita moja: soda ya kufulia kavu gramu 54, vitamini C gramu 16, kahawa gramu 40, dakika 15 kwa nyuzi 20. Sodiamu kaboneti, narudia, si ile ya kuumulia. Vitamini C inaingia baada ya soda, na inatoa povu, liache litulie. Harufu yake ni mbaya kuliko zote nilizowahi kunusa, na kahawa nzuri haina faida, tafuta ya bei ya chini.

Fiksa bado utaihitaji. Hakuna kahawa ya kufiksi.

Kobe wa Picha

WAKUU NIMERUDI. Mkanda wa pili.

Kupakia: mara ya kwanza iligoma, nikarudisha nusu mzunguko kama Mzee alivyosema, ikaenda. Ulimi kwenye dawa: mweusi. Nyuzi 22, dakika 11. Nilipofungua tangi nilianza na kingo kabla ya chochote. Jina lipo! Namba zipo! Na picha zipo!

Ila nina mashitaka matatu.

Moja, picha tatu za mwisho, zile zilizokuwa ndani kabisa ya rili, zina kama maziwa, hasa kwenye sehemu angavu. Mbili, zimekauka na alama za matone. Tatu, nimeskani kwa skana ya bapa, picha zimetoka za kijivu, laini, zimejaa nukta nyeupe. Nikawasha kile kitufe cha kuondoa vumbi, ikawa balaa: nyuso zimepata kama mabaka, kingo za majengo zimetafunwa.

Fundi Gizani

Hongera! Hayo yote yanatibika.

Maziwa ni fiksa haijamaliza. Irudishe filamu kwenye fiksa sasa hivi, mwangani, hakuna tatizo, mpaka isafike, kisha osha upya. Ulimi kwenye fiksa ulichukua sekunde ngapi?

Kobe wa Picha

Mzee nitakuwa mkweli. Ulimi wa dawa nilifanya. Wa fiksa niliona ni mpya, nimeichanganya siku hiyo hiyo, nikaruka.

(Nimefanya sasa: dakika tatu na sekunde ishirini.)

Fundi Gizani

Dakika tatu na ushee kwa fiksa mpya? Umeizimua ngapi?

Kobe wa Picha

Moja kwa tisa, imeandikwa kwenye chupa.

Fundi Gizani

Soma tena hiyo chupa. Moja kwa tisa ni ya karatasi za kuchapia. Ya filamu ni moja kwa nne. Kwa hesabu ya ulimi wako ulitakiwa uache karibu dakika saba, wewe umeacha tano.

Kobe wa Picha

Nimesoma. Ni kweli, mistari miwili imefuatana. Nimeirudisha kwenye fiksa ya moja kwa nne, maziwa yameondoka mbele ya macho yangu, kama umande.

BintiShata

Alama za matone: suuza ya mwisho itumie maji yaliyochujwa madini, na dawa ya kulowanishia kidogo sana. Photo-Flo ni moja kwa 200, watu wanamimina kama shampuu halafu wanalalamika michirizi. Usipindue tangi ukiwa nayo, itatoa povu, izungushe tu. Kisha ning'iniza bafuni baada ya kufungua maji ya moto dakika mbili ili mvuke ulaze vumbi, kibanio juu, kibanio kizito chini, funga mlango, ondoka. Kama alama zimeshakaa upande unaong'aa, lowanisha mkanda upya uukaushe vizuri.

Lenzi Chakavu

Mimi natumia tone moja la sabuni ya vyombo na sijafa.

Fundi Gizani

Sabuni za vyombo zina manukato na vya kulainisha mikono. Lakini sitagombana na mtu wa Rodinal.

Kuosha, nitaje kwa haraka kwa sababu watu wanaacha bomba wazi nusu saa. Ilford wana njia ya tangi: jaza maji, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua 10, mwaga. Jaza, pindua 20, mwaga. Basi. Hiyo ni kwa fiksa zisizo na kigumisho.

Na ile fiksa iliyotumika: ina fedha ndani yake, ni sumu kwa viumbe wa majini. Ikusanye kwenye dumu lenye mfuniko, liandike, likijaa lipeleke kwa wanaopokea taka za kemikali au kwa maabara inayorejesha fedha. Msimwage.

BintiShata

Sasa skani, hapa ndipo kwangu.

Kaka Kobe, kitufe cha vumbi kizime moja kwa moja. ICE na ndugu zake wanafanya kazi kwa kumulika filamu kwa infraredi. Filamu za rangi zikishasafishwa hubaki na wino tu, infraredi inapita kama haipo, ila vumbi linaizuia, ndivyo skana inavyojua vumbi liko wapi. Negativu yako ni ya fedha, na fedha inazuia infraredi sawasawa na vumbi. Skana imeziona picha zako nzima kama uchafu ikaanza kuzifuta. Nyeusi na nyeupe pekee inayokubali ni ya wino kama XP2 Super, ambayo inasafishwa kwa dawa za rangi, C-41.

Kwa hiyo vumbi lipige vita kabla: puliza kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, mate yanaruka.

Ukijivu: hilo si kosa. Skani inatakiwa itoke ya kijivu. Skani kwa biti 16, hifadhi TIFF, hakikisha pembe mbili za histogramu (ile grafu ya weusi na weupe wa picha) hazijakatwa, programu ya skana usiiruhusu ikuongezee kontrasti. Weusi na weupe utauweka wewe baadaye. Skani ikitoka imekolea kabisa, vivuli vimeshakufa na huwezi kuvifufua.

Ulaini: skana nyingi za bapa zinaandika nukta 6400 kwa inchi kwenye boksi, ila unachopata kweli kiko karibu na 2300 au 2400. Skani kwa 2400, fremu ya milimita 36 inakupa pikseli kama 3400 kwa 2270, karibu milioni 7.7. Inatosha mtandaoni na kwa chapa ndogo. Ukiskani kwa 6400 unanenepesha faili tu. Jaribu pia kuinua kishikio cha filamu kwa vipande vya karatasi, nusu milimita nusu milimita, skana ya bapa haina fokasi na mara nyingi kimo cha kiwandani si sahihi.

Kobe wa Picha

Na wewe dada unatumia skana gani?

BintiShata

Situmii. Napiga picha ya negativu kwa kamera ya dijitali.

Lenzi ya makro inayofika uwiano wa 1:1, yaani ukubwa halisi wa filamu, kamera imetazama chini kwenye stendi, chini kuna paneli ya mwanga, juu yake kishikio cha filamu. Kamera ya fremu kamili ya pikseli 6000 kwa 4000, ukijaza fremu, hiyo ni zaidi ya 4200 kwa inchi. Chembe zinaonekana moja moja. Mkanda mzima wa picha 36 unachukua dakika kumi na tano, skana ya bapa ingenikalisha jioni nzima.

Watu wanaikosea kwenye mlalo. Kamera ikiinama kidogo tu, upande mmoja wa picha ni mkali na mwingine umeyeyuka. Dawa ni kioo cha kujitazamia. Kiweke bapa mahali ambapo filamu italala, tazama kwenye kamera: utaiona lenzi yako ikijitazama. Rekebisha stendi mpaka duara la lenzi likae katikati kabisa ya fremu. Hapo kamera na filamu viko sambamba. Ondoa kioo, weka filamu, fokasi kwenye chembe zenyewe, si kwenye picha.

Kisha f/8, ISO 100, RAW, kipima muda cha sekunde mbili ili usiguse kamera. Mwanga uongeze mpaka kingo angavu za filamu ziwe karibu na mwisho wa histogramu bila kuukata. Funika kwa karatasi nyeusi mwanga wote unaotoka pembeni mwa fremu, usipofanya hivyo unaingia kwenye lenzi na kupausha picha. Zima taa ya chumba. Upande usiong'aa wa filamu utazame lenzi, picha itatoka imegeuka kushoto kulia, utaigeuza kwenye kompyuta.

Kuna wanaokuambia ununue paneli ya bei mbaya yenye alama ya rangi 95 na kuendelea. Kwa filamu za rangi sawa. Kwa nyeusi na nyeupe, ilimradi mwanga uwe sawa kote na usimemeteke, inatosha.

Msomaji Kimya

Kuigeuza kuwa chanya inahitaji programu maalumu?

BintiShata

Hapana. Fungua mstari wa toni (curves), chukua ncha ya chini ipeleke juu, ya juu ipeleke chini. Basi. Kero yake ni kwamba kwenye programu nyingi baada ya hapo kila kitelezi kinakwenda kinyume: ukivuta "ongeza mwanga" picha inakuwa nyeusi zaidi. Mimi ninageuza, nahifadhi TIFF, nafungua hiyo TIFF upya, vitelezi vinarudi na akili.

Lenzi Chakavu

Na zile duara za rangi ya mafuta juu ya maji, zinazotokea filamu ikigusa kioo?

BintiShata

Pete za Newton. Zinatokea plastiki inayong'aa ikigusana na kioo laini. Usibane filamu kwa kioo. Kama imejikunja, iweke chini ya vitabu vizito siku mbili ikiwa ndani ya mfuko wake.

Fundi Gizani

Naongeza moja tu kwa Kobe. Kabla hujaskani tena, weka negativu juu ya mwanga uangalie vivuli, yaani sehemu angavu za filamu. Kama ndani ya kivuli hakuna hata mchoro, hilo ni suala la kamera, ulinyima mwanga, na hakuna skana wala muda wa dawa utakaolirudisha. Kama anga limekuwa jeusi mpaka mwanga haupenyi, dawa imezidi, mara nyingine punguza dakika moja. Andika kwenye daftari lako.

Kobe wa Picha

Nimefanya hivyo Mzee. Picha ya 7 hadi 12 vivuli vitupu, nilipiga ndani ya nyumba kwa kubahatisha. Zilizobaki zina mchoro mpaka chini. Picha ya 23 ni mtu ameegemea mlango, ndani ya kivuli cha mlango unaiona bawaba na skrubu zake tatu. Nimeikodolea macho muda mrefu kuliko nilivyoipiga.

Kobe wa Picha

Mrejesho: mkanda wa tatu unaning'inia bafuni muda huu. Ulimi wa dawa mweusi, ulimi wa fiksa sekunde 45, nimeacha dakika mbili. Chupa moja ya kahawia, nyingine nyeupe. Namba za pembeni zinasomeka nikiwa mlangoni. Nimekatazwa kuingia mpaka zikauke, na aliyenikataza ni dada BintiShata, kwa hiyo natii.